Stesheni za Bibi

Mwalimu wetu wa Jiografia alichora reli ya kati ubaoni, mstari mrefu kutoka baharini hadi ziwani, akapachika vidoti vya stesheni kama mtu anayeshona vifungo kwenye shati. Kisha akageuka akanitazama mimi, maana nilikuwa nacheka na mwenzangu wa dawati, akauliza: ukitoka Manyoni ukaelekea magharibi, stesheni kubwa inayofuata ni ipi, na iko wapi?

Nikasimama. Jibu nilikuwa nalo, tena nililipata kabla sijajua kusoma. Nikasema ni Itigi, iko Masieda kwa mwalimu wa dini, karibu na kisima, na ukimkamua bila kumfunga miguu anamwaga ndoo.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akadhani namfanyia mzaha, na kwa jinsi ninavyojulikana pale shuleni, simlaumu. Akanipa adhabu ya kufagia mbele ya ofisi. Lakini wewe ninayekusimulia, niamini: siku hiyo sikuwa natania. Mdomo ulinitangulia tu ukaenda nyumbani.

Najua unachofikiri. Mtoto wa kidato cha tatu ana nini cha kukumbuka, kumbukumbu si ni za wenye mvi? Sawa. Ila nilipokuwa nafagia, vumbi likinijaa puani, nilijikuta nimesimama, fagio nimeliweka wima, nimeliegemea kwa mikono miwili na kidevu juu yake. Mwalimu wa zamu akapita akaniuliza ni mimi ninayelishika fagio au ni fagio linalonishika mimi. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu mkao ule naujua. Ule ni mkao wa babu yangu. Na babu yangu sikuwahi kumwona.

Kaa vizuri basi nikueleze.

Bibi, mama yake mama, aliishi Tlawi, kule juu ambako asubuhi ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi na ng'ombe wanatoa moshi puani kama wazee wenye kiko. Nililelewa kwake. Mama alikuwa Haydom, akiuza chai na maandazi karibu na stendi, kwa watu wanaoshuka kwenye mabasi kuja kuuguza wagonjwa wao. Alikuwa anakuja kutuona na sukari, sabuni na malalamiko kuhusu tabia yangu. Sukari iliisha haraka kuliko malalamiko.

Nyumba ya bibi ilikuwa na sebule ya ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, chokaa ambayo moshi wa jikoni uliigeuza rangi ya chai. Juu ya kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia isipokuwa mchungaji wa kanisa na paka, palikuwa na misumari, na chini ya kila msumari palikuwa na kipande cha ukuta kilichobaki cheupe, umbo la kadi. Wengine kwao wana picha ukutani. Sisi tulikuwa na mahali pa picha. Bibi alinifundisha kuzisoma zile nafasi kabla sijaanza a, e, i: pale ni Kilosa, pale Gulwe, hapo Kintinku, kule Itigi, na ule wa pembeni karibu na mlango Malongwe. Nafasi ya katikati, msumari mkubwa kuliko yote, ilikuwa Saranda.

Babu alifanya kazi ya reli. Hapa kwetu reli haipo. Ukitaka kuona treni unashuka hadi Singida, unaendelea hadi Manyoni, na hapo tena uombe siku yako iwe nzuri. Babu alishuka akiwa kijana, akaajiriwa kwenye genge la kutengeneza njia, kung'oa mataruma yaliyooza chini ya vyuma na kuweka mapya, kukaza boliti, kusawazisha kokoto. Walihamishwa kutoka stesheni moja hadi nyingine, na kila alipohamia alituma postikadi yenye picha ya mahali pale. Mjomba anasema kulikuwa na mwenye duka mmoja kule Itigi aliyekuwa na boksi la kadi za zamani sana, ambazo hakuna mteja aliyezitaka, na babu ndiye aliyezimaliza.

Zilikuwa picha za ajabu kwa mtu kuzitolea jasho lake. Kijumba cha stesheni, tangi la maji juu ya miguu mirefu ya chuma, mti mmoja, mbwa mmoja, na ubao wenye jina la mji, ubao mkubwa kuliko mji wenyewe. Nyuma babu aliandika maneno yaleyale kila mara: hapa ni salama, mvua hakuna, wasalimie ng'ombe. Hakuna hata kadi moja iliyosema msalimie mke wangu. Bibi alisema usimwone hivyo, kwa mwanamume wa kwetu hiyo ilikuwa barua ya mapenzi, mwingine angesalimia mbuzi.

Siku moja badala ya kadi ikaja habari. Homa ilimchukua babu hukohuko relini, na hukohuko wakamzika. Bibi akabaki na mama mgongoni, mjomba akimshika sketi, na zizi. Picha ya babu haikuwepo, kwa sababu kupiga picha kulikuwa mambo ya watu wa mjini. Kilichokuwepo ni kadi ya mwisho, ya Saranda, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa na sentensi mpya nyuma: huyu mwenye koleo ni mimi.

Kwenye picha hiyo palikuwa na kundi la wafanyakazi mbele ya stesheni. Wote wameinama, wanachimba. Mmoja tu amesimama, kofia imemfunika uso, ameegemea koleo. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na anapenda ukweli hata pale ambapo hakuna aliyeuagiza, amekuwa akieleza kwa miaka yote kwamba kadi ile ilichapishwa kabla babu hajazaliwa, angalia nguo zao, angalia kofia. Bibi hakuwahi kubishana naye kwa hoja. Alikuwa anasema tu, "Huyo ni yeye. Nani mwingine angepigwa picha kazini akiwa amepumzika?"

Basi ndama jike wa kwanza kuzaliwa baada ya msiba akamwita Saranda. Aliyefuata akawa Itigi, akaja Gulwe, akaja Kilosa, hadi kadi zote zikawa na ng'ombe.

Sasa sijui kama kwenu mnafanya hivi. Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Unampeleka mmoja kwa rafiki, yeye anamtunza, anakunywa maziwa, anapeleka samadi shambani. Ndama ni wa kwako, na baada ya muda unampa na yeye mmoja wa kwake. Ugonjwa ukiingia kwako, kwa rafiki watabaki. Na mambo haya hayatangazwi. Kumuuliza mtu wa kwetu ana ng'ombe wangapi ni kama kumuuliza ana nguo za ndani ngapi. Bibi alipompeleka ng'ombe kwa mtu alipeleka na kadi yake, ikatundikwe ukutani kule, ili watoto wa nyumba ile wajue huyu anaitwa nani na ametoka kwa nani. Ndiyo maana kwetu ilibaki misumari.

Kwa hiyo watu wasiotujua walipofika nyumbani walimsikia bibi akisema Gulwe majani yameota, Kintinku bado ana kikohozi, Kilosa wiki hii atazaa. Walirudi kwao wakiamini yule mama ana ndugu wengi sana kwenye reli.

Mimi nilikuwa msafiri wa reli ile. Siku za Jumamosi, baada ya kuchota maji na kuzoa kinyesi zizini, bibi alivaa mabuti ya mpira chini ya kitenge, akashika fimbo, tukaenda kukagua njia. Tukikaribia nyumba ya mtu nilikuwa natangulia mbele nikipuliza honi kwa mdomo, na mbwa wa wenyewe wananijibu. Bibi alinikataza kwa sauti ambayo ilinitia moyo niendelee. Kila stesheni ilikuwa na chakula chake. Kilosa, kwa jirani wa ng'ambo ya bonde, ilikuwa makande yenye chumvi ya kutosha kuhifadhi maiti. Kintinku walitoa viazi vitamu vya kuchemsha na kuomba radhi kwamba hawana kitu, wakati mimi tayari nimekula vinne. Itigi, kule Masieda, tulilala huko tukienda maana ni mbali, na mke wa mwalimu wa dini alitupa maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, maziwa yenye vijidoti vyeusi vya mkaa na harufu ya moshi inayokufikia puani kabla ya ulimi. Sijawahi kunywa kitu kama kile tena. Shuleni wanatupa uji. Sisemi neno juu ya uji.

Saranda peke yake ndiyo hatukuwahi kuifikia. Ilikuwa chini, kwenye nyanda za Hanang, kwa rafiki wa bibi, mama wa Kibarbaig. Walikutana mnadani wakiwa bado wasichana wa kuolewa jana, bibi akiuza maharage na mwenzake akiuza bangili za shaba, kila mmoja na Kiswahili chake cha kubahatisha, wakacheka hadi wakasahau kuuza. Miaka ikapita, babu akafa, na baadaye ugonjwa ukaingia kwenye zizi la yule rafiki ukalimaliza. Bibi akampelekea ng'ombe. Akampelekea Saranda, na kadi ya Saranda. Mjomba alimuuliza kwa nini asitoe mwingine, kwa nini atoe picha ya pekee ya baba. Bibi alimjibu kwamba mtu aliyebaki bila kitu humpelekei kile ulichokichoka.

Nikiwa darasa la tano, ule ukungu wa Tlawi ukaingia machoni mwa bibi ukakataa kutoka. Mwanzoni tulicheka wote. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja alimsalimia ng'ombe akidhani ni mjomba, na mjomba aliyekuwa nyuma akanuna kwa sababu ng'ombe alisalimiwa kwanza. Kisha vicheko vikapungua. Alianza kutembea akiwa ameshika bega langu, na kwenye safari za Jumamosi ikawa mimi ndiye namwambia yuko stesheni gani.

Mama akaja na habari kutoka Haydom. Ni mtoto wa jicho, na madaktari wa macho watakuwepo hospitali baada ya mvua, mama ameshamwandikisha. Wakiondoka sijui watarudi lini, na huyu mtoto wa jicho akiachwa atakomaa. Bibi alisikiliza yote, akauliza swali moja: na wakikosea? Mama akasema hawakosei. Bibi akasema kila mtu anakosea, hata Mungu alimpa mjukuu kama mimi.

Kisha akaweka sharti lake. Atakwenda, lakini kwanza amwone Saranda. Si ng'ombe. Kadi. "Kama ni kufunga dirisha," akasema, "nilifunge nikiwa nimeshamwona."

Hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mama alibembeleza, mjomba alihutubia, mchungaji alipitia kwa ajili ya maombi akapewa kiti chake na chai. Bibi alikuwa anaitikia amina, halafu anarudi palepale. Na kila siku aliona pungufu kuliko jana, na mvua zilikuwa zinaelekea mwisho.

Tukaanza kukusanya. Mjomba alituma salamu kwa watu wa mnadani zishuke hadi kwa yule rafiki, na mimi nikatumwa kuleta kadi za karibu, ili bibi azione zote kwenye mstari. Kilosa ilikuja ikiwa na alama ya kidole cha mafuta. Itigi ilikuwa nzima kabisa, imetundikwa kando ya kalenda ya kanisa. Malongwe ndama aliitafuna, ikarudi bila mbingu. Bibi alizipokea moja moja, akazisogeza hadi pua inagusa, akaniambia nizirudishe kwenye misumari yake. Zile nafasi nyeupe zikajaa. Katikati palibaki wazi, kama pengo la jino.

Majibu ya mnadani yalikuwa mabaya. Yule rafiki amehama na mifugo, wako upande wa pili wa mlima, salamu zitafika lakini haijulikani lini. Mama alishaniambia niweke nguo za bibi kwenye begi. Bibi alizitoa. Nikaziweka, akazitoa.

Asubuhi ya siku moja kabla ya basi, nilikuwa nje nasugua sufuria kwa majivu, nikasikia kengele ya ng'ombe ambayo si ya kwetu. Kwenye njia ya chini, ndani ya ukungu, akatokea mama mrefu aliyevaa ngozi, bangili zimejaa hadi kiwiko, anaswaga mtamba mwekundu mwenye nyota kwenye paji. Alitembea kutoka huko chini, akilala kwa watu njiani. Nikasahau sufuria. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanishika kidevu akanigeuza uso huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Huyu ni wa kwake. Ana macho ya ubishi."

Bibi alikuwa ameshatoka mlangoni. Hakuona, lakini alisikia zile bangili. Sitaeleza walivyosalimiana. Nitasema tu kwamba mjomba, mtu wa ukweli, alikwenda kuangalia kama zizi limefungwa, na zizi lilikuwa limefungwa.

Tulipoingia ndani, yule mgeni alichomoa kifuko cha ngozi kilichoning'inia kifuani, akatoa kadi, akaiweka kwenye mkono wa bibi. Mimi nilikuwa nimesimama begani kwa bibi, mahali pangu. Nikaangalia.

Hapakuwa na kitu.

Ilikuwa ya kahawia, inang'aa, laini kama sikio la ndama. Stesheni haipo, tangi halipo, mbwa hayupo. Nyuma pia, hata herufi moja. Nyumba yote ikanuka samli. Na yule mama alikuwa anatuangalia usoni mmoja mmoja, amejaa furaha ya mtu aliyemrudisha mtoto wa watu akiwa ameoga.

"Kila nilipopaka ngozi zangu mafuta, na yeye nilimpaka," akasema. "Sikumwacha akauke hata kiangazi kimoja. Shika uone. Hajapasuka mahali popote."

Ndivyo wanavyotunza kitu cha thamani kule. Ngozi isiyopakwa mafuta inakufa. Alimtunza babu yangu kama anavyotunza vazi lake, miaka yote ile, kwa samli ya maziwa ya ng'ombe wetu, na kila alivyompaka alimfuta.

Mjomba alifungua mdomo. Mama akamkanyaga mguu. Bibi aliisogeza kadi puani, akainusa, akaipitisha shavuni, akaishika mbele ya yale macho yake yenye ukungu kwa muda mrefu. Kisha akageuza kichwa upande wangu. Bibi na mimi tulikuwa na utani wa bibi na mjukuu, yaani mimi ni mke mwenza wake, tunamgombania marehemu.

"Mke mwenzangu," akasema, "wewe ndiye mwenye macho. Mume wetu bado ameegemea koleo?"

Wewe hunijui vizuri, lakini waliokuwa mle ndani walinijua. Mimi ni mtoto ambaye hawezi kumaliza sahani ya ugali bila kumdanganya mtu kwa kujifurahisha tu. Siku ile niliitazama kadi tena kwanza. Yule mgeni alikuwa ananitazama, anangoja. Mama alikuwa anatazama chini.

"Bado, bibi," nikasema. "Tena leo naona amesinzia kabisa."

Bibi akacheka. Rafiki yake akacheka, bangili zikalia. "Na tangi?" bibi akauliza.

"Lipo. Linavuja kidogo."

"Lilianza zamani kuvuja," bibi akasema, akanipa kadi niitundike kwenye msumari wake. Halafu akamwambia mama alete begi.

Kesho yake bibi na mama waliondoka na basi la Haydom. Yule rafiki alibaki nasi siku chache, akanifundisha kumtuliza yule mtamba aliyetuletea, Saranda mjukuu wa Saranda, kwa kumwimbia sikioni. Kisha akarudi zake, asubuhi na mapema, bila kutaka kusindikizwa mbali.

Mimi nikabaki na kadi. Ukweli sikuwahi kuogopa kupona kwa mtu kama nilivyoogopa kupona kwa bibi. Niliomba Mungu amponye, halafu nikaomba asimponye sana. Habari zilipokuja kwamba jicho moja limekwenda vizuri na wanarudi, nilitafuta kalenda ya mjomba, ile yenye picha ya trekta, nikaitundika juu ya Saranda.

Bibi alishuka njiani akitembea mwenyewe, bila bega la mtu. Alisimama uani akaangalia kila kitu kama mkaguzi. Akasema banda la kuku limeinama, akasema mama amezeeka, akasema mimi nimeanza kufanana na mjomba, pole sana. Akaingia sebuleni. Akaenda moja kwa moja ukutani, akainua trekta, akaitoa kadi kwenye msumari, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga.

Niliona jicho lake jipya likipita juu ya ile karatasi ya kahawia, mbele, nyuma, tena mbele. Mjomba aliacha kunywa chai. Mimi nilikuwa napima umbali wa mlango.

"Kumbe," bibi akasema taratibu, "hatimaye ameenda kazini."

Akanigeukia. "Na wewe uliliona tangi linavuja."

"Lilikuwa linavuja, bibi."

Akaanza kucheka, akacheka hadi chozi likatoka kwenye lile jicho, na mama akamfokea kwamba daktari amekataza. Alipotulia, alikaa chini kwenye kile kiti cha mchungaji, akamfukuza paka, akaomba samli. Nikamletea kwenye kisosi. Akachovya kidole, akaipaka kadi polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, kama alivyofanya mwenzake, akahakikisha pembe zote zimepata.

Tangu siku hiyo hakuiacha ikauke. Alikuwa anaipaka akiwa anaongea na watu, mikono yake ikifanya kazi hiyo bila kumuuliza.

Bibi hayupo sasa. Rafiki yake naye alitangulia kidogo, tulisikia kwa watu wa mnadani, na bibi alipoambiwa alishinda siku nzima zizini. Ile nyumba mjomba ameipiga plasta, misumari ameing'oa, ukuta ni mzuri na hauna la kusema. Ng'ombe waligawanywa. Wengi wako hukohuko walikokuwa, ila siku hizi wana hereni za plastiki masikioni zenye namba, na mjomba anasema ni jambo zuri, huwezi kuibiwa. Huenda. Lakini nikiwa likizo nimesimama jioni pale juu ya bonde nikajaribu kumwita ng'ombe kwa namba yake, hakuna aliyeinua kichwa. Zamani bibi akisimama palepale akaita Saranda, Kintinku, Gulwe, ungewaona wanatoka kwenye majani mmoja mmoja, na mtu mgeni angedhani kuna treni inakaribia.

Hakuna tena anayesema anakwenda Kilosa akiwa na maana ya ng'ambo ya bonde. Nikilisema hilo jina kwa watoto wa mjomba wananiuliza ni nauli kiasi gani.

Kadi nyingine mjomba ameziweka kwenye bahasha ya plastiki, zimepangwa kama ramani inavyotaka. Saranda nilipewa mimi. Inakaa ndani ya daftari langu la Jiografia na imeshaharibu kurasa za mito na maziwa makuu kwa mafuta. Samli naiomba nyumbani kila likizo, naweka kwenye kikopo cha vaselini. Wasichana wa bweni wanadhani napaka nywele.

Siku ile ya adhabu nilipomaliza kufagia, nilipeleka fagio ofisini. Mwalimu wa Jiografia alikuwa peke yake, anasahihisha. Bila kuinua macho akaniuliza, si kwa hasira sasa, jina lile la stesheni nililijulia wapi, maana darasani hajalifundisha. Nikatoa kadi nikamwekea juu ya meza. Aliichukua, akaigeuza, akaigeuza tena, akaisogeza dirishani kama alivyofanya bibi.

"Hapa ni wapi?"

"Saranda, mwalimu."

"Mbona sioni kitu? Watu wake wako wapi?"

"Wako kazini, mwalimu."

Nilitegemea aniongezee adhabu. Alinusa vidole vyake, kisha akanirudishia ile kadi kwa mikono miwili.